Maji Aliyokunywa Mama

Mwalimu wa dini wa misheni alikuja kila siku tangu homa ilipomlaza mama, na kila siku alikuwa na chupa ndogo ya maji mfukoni mwa kanzu. Vita vya Maji Maji havikuwa vya zamani; watu wa huku walikwisha kuahidiwa mara moja maji ya kuzuia risasi. Mjomba, kaka yake mama na mkubwa wa ukoo wetu, aliniagiza nisibanduke kitandani.

"Akimlowesha uso, mfute upesi," alisema. "Akishakuwa mtu wao, watamzika wao, kisha watasema na shamba lenye kaburi ni lao."

Mimi nilikuwa na shaka nyingine. Misheni ilifundisha kwamba asiyebatizwa hutupwa motoni. Mama hakuogopa moto. Aliogopa kupelekwa mahali asipokuwapo mama yake. Na mwalimu alitumia neno tulilolijua, kuzimu. Kwetu kuzimu hakukuwa na moto. Ndiko waliko waliotutangulia, chini penye ubaridi, na tukipika pombe tunawamwagia kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtoto wa Mlali. Umeniletea tena kichupa chako?"

Mwalimu alicheka, akaketi, akaeleza kwamba Mwana wa Mungu alipokufa alishuka kuzimu.

Mama akainua kichwa. "Basi alimwona mama yangu?"

"Aliwatoa watu wema wa kale, waliokuwa wakimngoja."

"Mama yangu hakumngoja. Nani alimwambia? Kwa hiyo alimwacha?"

"Hayo aulizwe padre, mama."

"Padre yuko wapi? Mwenye chupa ni wewe."

Nilimsindikiza hadi nje, nikamuuliza kama kuzimu huko na moto wanaotutishia ni mahali pamoja. Akasema ni pawili. Kesho yake nilimuuliza kwa maneno yale yale. Akasema huenda ni pamoja, ila vyumba mbalimbali. Sikumwona mwongo. Nilimwona mtu aliyekabidhiwa neno letu na watu wasiolijua, naye akaogopa kuwauliza.

Siku ya mwisho midomo ya mama ilikuwa imekauka. Mwalimu alizibua chupa, akaielekeza kwenye paji la uso. Nikanyoosha mkono kumzuia. Mama aliipokonya katikati yetu, akaitia kinywani, akanywa yote.

"Si ya kunywa hayo, mama!"

"Ya mto gani?"

"Ya kijito chenu hapo chini."

"Ndiyo maana nayajua."

Alikufa kabla ya jioni. Mjomba aliuliza kama alimwagiwa maji. Nikamwambia aliyanywa. Yeye na mwalimu wakatazamana. Hakuna aliyejua maji yaliyonywewa humpeleka mtu wapi. Mwalimu akapanda mlima kwenda kumuuliza padre. Mjomba hakumngoja, tulimzika mama ubavuni mwa mama yake.

Mwalimu alitukuta tunanawa mikono.

"Padre anauliza," alisema, "alikunywa kwa imani au kwa kiu?"

"Kwa kiu," mjomba akajibu, kabla sijafungua mdomo.