Kipimo cha Uongo

Jumamosi, tarehe 8 Novemba. Mvua ilianza alfajiri ikapiga mabati ya mtaa wetu wa Mangobo hadi karibu saa nne, kisha jua likatoka kali kana kwamba halikuwa na habari.

Nilikuwa nafunua mashini yangu ya kushona mteja alipofika, miguu yote matope. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Mama yake alifariki mwaka jana, na wiki mbili kutoka leo familia inatoa matanga, karamu ya kumaliza msiba. Alifungua mfuko akatoa kikwembe, kitenge chetu: yadi sita za bluu, zilizokaa sandukuni mwa marehemu bila kukatwa.

"Kilikuwa chake," alisema. "Sokoni hakuna kingine kama hiki. Nimetafuta."

Kisha akanipa simu. Kulikuwa na picha ya mwanamke amevaa libaya, blauzi yetu ya kuendana na kikwembe, yenye mikunjo mabegani kama jani la mgomba lililochanwa na upepo. Nasema ukweli: mimi nisingewaza mabega yale.

"Mama, iko intelligence artificielle ndio ilichora. Akili ya kutengenezwa. Kata vile vile."

Nilitazama shingo. Kola ya juu, imebana, na mbele hakuna kifungo hata kimoja. Nikaomba kuona mgongo. Mgongo nao umefungwa, hakuna zipu.

"Kichwa kitapitia wapi?"

"Iko na akili kutupita, Mama. Kata tu."

"Kwani utazaliwa ndani yake?"

Alicheka, halafu akanichoma: "Ama unaogopa itakunyang'anya kazi?"

Liliniuma, kwa sababu inawezekana. Niliacha shule darasa la sita, na hata daftari hili, simu ndiyo inayonisahihishia maneno. Donc, basi, sikutaka kuhukumu kwa wivu. Nilichukua karatasi ya mfuko wa simenti, ile tunayojaribia kabla ya kugusa kitambaa, nikakata shingo kama picha ilivyotaka, nikaifunga kwa pini. Mwalimu akaingiza kichwa. Karatasi ikakwama juu ya nyusi, akasimama pale kama mtu aliyevaa chungu.

"Toa, Mama! Toa!"

Aliiandikia simu kwamba fundi anasema kichwa hakipiti. Ikajibu upesi, kwa Kifaransa kizuri: fundi yuko sahihi, samahani, weka zipu mgongoni. Jibu zuri kabisa. Mwalimu akanitazama kwa ushindi. "Unaona? Imeelewa."

Hapo nikamkumbuka mama mdogo aliyenifundisha kazi. Alikuwa na desturi yake. Akiona umezoea, anakupa kipimo cha uongo kwa makusudi, kiuno kipana kuliko cha mteja aliyesimama mbele yako, kisha ananyamaza. Ukikata, unarudi kufagia. Mimi nilirudi kufagia mara mbili. Siku niliyosema, "Mama mudogo, hii hapana," ndiyo siku aliyoniachia mkasi wake.

"Iandikie tena," nikamwambia mwalimu. "Iambie fundi alikosea, kichwa kinapita vizuri bila zipu."

Akaandika. Ikajibu: uko sahihi, kitambaa kitavutika kidogo, zipu haihitajiki.

Alisoma mara mbili. Kikwembe cha pamba hakivutiki hata ukikiombea.

"Mwanafunzi wangu akijibu hivi," alisema polepole, "najua anaangalia uso wangu, haangalii ubao."

Lakini hakuachia. "Bon, ni jina tu, Mama. Ndege ya chuma tunaiita ndege, na haitagi mayai."

Nilitoa pini mdomoni. Ni hoja nzuri. Nilisema nililokuwa nalo: "Hakuna anayeipelekea ndege ya chuma mayai iyaatamie. Wewe umeniletea kikwembe cha mama yako nikikate bila kuuliza, kwa sababu ya hilo jina."

Huenda programu nyingine ingekataa. Mimi nimeona hii moja tu, kwa asubuhi moja tu. Huenda mwakani nitaona haya kwa ukurasa huu. Lakini leo nalikataa hilo jina, na wenye diplome wacheke. Kwamba imetengenezwa, sigombani: mkasi wangu pia umetengenezwa. Inachora, inaandika, inakumbuka kuliko mimi, na kwa hayo nitaisifu mbele ya watu. Jina la akili sitaipa hadi siku itakaponiambia hapana, ikiwa na sababu, na ikabaki hapo hata nikikunja uso.

"Zipu mgongoni," mwalimu alisema mwishowe. "Lakini mabega yabaki."

"Mabega yabaki," nikasema. "Hayo ni mazuri."

Nilikata mbele yake, taratibu. Alishika ncha ya kikwembe muda wote mkasi ulipokuwa unapita.

Jioni tulikula lituma, ndizi za kuponda, na pondu ya majani ya muhogo. Mume wangu alisema chumvi imezidi. Nilimkatalia, kisha nikaonja tena. Ni kweli, ilizidi.