Kisichoacha Kisiki

Juma lililopita nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya misitu hapa Tabora. Mbele yangu alisimama mama mfugaji nyuki kutoka Goweko.

"Shikamoo mama. Nani kakata mninga?" karani alimuuliza, maana wengi hufika pale kuripoti miti iliyokatwa.

"Marahaba. Hajakata mtu." Akafungua kanga, akatoa vipande viwili vya gome. Kimoja kilijaa vile viraka vya kijivu viotavyo kwenye miti kama upele. Kingine kilikuwa kitupu. "Hiki kitupu ni cha karibu na mabani ya kukaushia tumbaku. Viraka vimekufa kwa moshi."

Karani akapitisha kidole kwenye orodha ya miti iliyo hatarini. "Mninga umo. Viraka havimo."

"Mninga ukikatwa mnaona kisiki, mnakuja na pikipiki," mama alisema, sauti imeshuka. "Hivi vikiisha mtajuaje?"

Karani alikirudisha kile kitupu kwenye kanga, akajifuta vidole.

Njiani nilicheka: kumbe hata kufa lazima ujiandikishe kwanza. Nilipofika nyumbani Itetemia nikaukagua mninga wa uani. Gome safi, kana kwamba limeoshwa. Jirani alikuwa anachoma matofali, na moshi ulikuwa unaingia dirishani kwa wanangu.