Nilivyofanya utafiti wa maktaba kwa e-mail huku namuuguza mama Ifakara

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kisa sijatunga, ni changu mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwaka wa mwisho chuo, Dar. Project yangu ilikuwa ya maktaba: kukusanya yaliyoandikwa kuhusu mbegu za mpunga wa Kilombero.

Kabla sijaanza, mama akapooza upande mmoja. Mtoto wake ni mimi tu. Nikafunga begi, nikarudi Ifakara.

Msimamizi wangu alinipa neno moja: ripoti isipofika, narudia mwaka.

Mjini kulikuwa na ofisi yenye e-mail. (Vijana msicheke, kufungua barua moja ulikuwa unaweza kunywa chai ukamaliza.) Dada Yustina, sekretari wa pale, akaniruhusu saa moja kila Ijumaa.

Nikamwandikia Mama Halima, mkutubi wa chuo. Hakuwa ananijua. Nikamweleza yote, hata kwamba namwogesha mama mwenyewe na naona aibu.

Ijumaa iliyofuata nikakuta jibu. Ameingia kwenye database za nje, amenitumia mihtasari ya tafiti kibao. Chini kabisa kaandika: "Mpe mama shikamoo yangu. Anakula?"

Nilisoma hapo, machozi yakanitoka mbele ya Yustina.

Nikaprinti. Nyumbani nikawa namsomea mama kwa Kiswahili huku namkanda mkono. Humo mtaalamu mmoja aliandika kwamba mbegu fulani ya kienyeji imeshapotea bondeni.

Mama akacheka, mdomo umeenda upande.

"Muongo huyo," akasema kwa shida. "Iko Mofu. Kwa shangazi yako."

Nikaenda hicho kijiji cha Mofu kwa baiskeli. Shangazi akafungua kihenge, mbegu hiyo hapo!

Ijumaa nikamwandikia Mama Halima habari hiyo, akajibu: "Iandike. Na chanzo ni mama yako, jina kamili."

Msimamizi aligoma kumkubali mama kama chanzo. Mama Halima akamfuata ofisini, sijui walisemezana nini. Ripoti ikapita.

Mama alijua kusoma jina lake tu. Nikamwonyesha kwenye marejeo, katikati ya madokta na maprofesa. Akaweka kidole pale, akakaa nacho mpaka uji ukapoa.

"Mimi huyu?"

"Wewe, mama."

Aliishi miaka mitatu zaidi.

Nilichojifunza wakuu: ukikwama, mwambie mtu ukweli wote, usimpunguzie. Nani mwingine alishawahi kubebwa na mtu asiyemjua? Tiririkeni hapa chini, nasoma kila kisa.