Kofia ya Nta

Watu wa siku hizi wakisikia kwamba mama zetu walivaa koti la stesheni masta na kofia ya memsahibu wakazunguka mji mchana kweupe, huniuliza kama walikuwa wanamcheka Mwingereza au wanamtamani. Wamenifuata na swali hilo mpaka barazani kwangu. Mimi huwajibu kwamba wengi wao walikuwa wanauwazia mshono wa kwapani, maana ukikosea hapo mkono hauinuki, na ngoma yenyewe ilikuwa ya mikono. Hawalipendi jibu hilo, lakini mimi nilikuwepo na wao hawakuwepo.

Tabora ya wakati ule ilikuwa na vyama viwili vya lelemama, ngoma ya wanawake, chetu cha Mtendeni na kile cha upande wa pili wa soko. Kila Idi pili vilitoka kushindana, na mji mzima ulisimama njiani kutazama nani kavaa nini. Kila aliyekuwa mstarini alikuwa na cheo na vazi la cheo chake. Kulikuwa na manesi, polisi, makarani, na mbele kabisa alitembea mkuu wa chama, tuliyemwita Kwini, naye alivaa kama memsahibu wa bomani. Wasichana wa umri wangu walifunga mstari nyuma, na kofia za unesi, ikiwa mama zao walikuwa mstarini.

Vazi halikununuliwa. Ukionekana umenunua, ulikuwa umejivunjia heshima na huna mkono wa kazi. Mifuko ya unga wa ngano ilichemshwa, ikafuliwa kwa majivu, ikawa gauni la nesi, ingawa maandishi ya kiwanda hayakutoka yote na nesi mmoja alitembea Idi mbili uzito wa unga ukisomeka mgongoni kwake. Karatasi za kung'aa za paketi za sigara zilikuwa nishani. Vifungo tulivikata kwenye vibuyu vilivyovunjika, tukavitoboa kwa msumari wa moto. Soksi za memsahibu zilikuwa bafta iliyolowekwa kwenye chai, na kola zilisimama kwa wanga wa muhogo. Pasi ya mkaa ilikuwa moja, ikizunguka nyumba kumi, na kwa ajili ya pasi hiyo nimeona watu wazima wakinuniana mwezi mzima.

Karibu mavazi yote aliyashona mama yangu. Baba alikuwa fundi kwenye baraza ya duka la Mhindi, na cherehani ilikuwa yake mwenyewe. Asubuhi aliibeba kwenda nayo, alasiri akairudisha, na ikishafika nyumbani ilikuwa ya mama. Baba alimfundisha kushona ili apate msaidizi, kisha akakuta mwanafunzi kampita.

Lakini mama hakuwa mstarini. Alitoka Usinge, kwa watu wa msituni, warina asali. Alishuka Tabora kwa treni akiwa bibi harusi na mizinga miwili ya asali, na wanawake wa Mtendeni, ambao babu zao walikuja na misafara na kwa hiyo nao walikuwa wageni vilevile, walimwita yule wa porini. Walimwita kwa utani, mbele yake, wakila chakula chake. Mstari ulikuwa wa waliozaliwa mjini. Miaka minne mfululizo mama aliwavisha wenzake, kisha akasimama kando ya njia na sindano kifuani, asije mtu akafumuka. Alitaka sana kuingia mstarini. Nalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema hata siku moja.

Mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mwanzoni mwa mfungo, Kwini alikuja kwetu. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya chini, na hakuzoea kwenda kwa watu. Watu ndio walikwenda kwake. Nikampa shikamoo yake, akaiitikia bila kunitazama, akakaa kwenye mkeka.

"Umesikia wanavyosema wale?" akamuuliza mama.

Mama alikuwa amesikia. Mji wote ulikuwa umesikia. Idi iliyopita kofia ya Kwini, iliyotengenezwa kwa boksi la sabuni, ililowa jasho ikamwangukia machoni mbele ya Bwana DC na mkewe, na chama cha pili kilikuwa bado kinaimba habari hiyo.

"Nataka kofia ya jua, ile ya kizungu, ngumu, isiyolegea," Kwini akasema. "Ukiiweza, Idi hii utaingia mstarini. Nimeshawaambia wenzangu."

"Na binti?" mama akauliza.

"Na binti, nyuma, na manesi."

Mama akasema, "Haya, dada," kwa sauti ya mtu aliyeombwa chumvi. Kwini alipotoka nje, mama alichukua ufagio akafagia ua uliokwisha fagiwa.

Alijua atafanya nini kabla Kwini hajafika barabarani. Gunia likikatwa, likashonwa juu ya kibuyu kikubwa, likanyweshwa nta ya moto na kuachwa likauke, hutoka gumu kama ubao, na jasho halilifanyi kitu. Kwao walitia nta kwenye vikapu ili vishike maji. Wanawake wa Mtendeni wasingeweza kuwaza jambo hilo hata kwa mwaka, na mama alilijua hilo pia. Alimtumia mjomba habari, na baada ya wiki mbili mjomba akaleta kwa treni debe la masega.

Koti lake mwenyewe alianza kulishona siku ileile aliyokuja Kwini, kwa kitambaa cha marekani alichokitia buluu mpaka kikakaribia weusi. Alichagua cheo cha stesheni masta. Nilimuuliza kwa nini, nikitaka awe nesi, tufanane. Akaniambia kwamba siku aliposhuka kwenye treni hakumwona mtu yeyote mjini aliyesikilizwa ila yule wa bendera ya kijani. Yule aliinua bendera, treni ikaondoka. Basi akajikatia na bendera, akaitia rangi ya majani ya kunde.

Kazi ya nta alinipa mimi. Masega huchemshwa kwenye maji, huchujwa kwa kitambaa, huachwa yapoe. Nta huelea juu, ukaivunja, ukakwangua uchafu wa chini, ukaichemsha tena kwa maji mapya. Mara tatu. "Mara tatu," mama akaniambia, akanionyesha vidole vitatu, kisha akaenda kumpima mtu kiuno. Nilichemsha mara moja. Nyumba ya jirani wasichana walikuwa wanajaribu kofia za unesi, nasikia vicheko vyao ukutani, na mimi nimekwama na sufuria inayonuka moshi. Nta ilipoganda niliikwangua chini vizuri kwa kisu, ikapendeza, ya manjano, nikaiweka kwenye ungo na kwenda zangu. Mama alipoiona alisema imetoka safi. Alikuwa na mafua ya vumbi yaliyomshika tangu mwanzo wa kiangazi, hasikii harufu ya kitu. Bila mafua yale angejua kwa pua tu.

Kofia ilitoka nzuri, sina haja ya kudanganya. Mama aliipaka chokaa juu, akaizungushia utepe. Kwini aliigonga kwa kidole, ikalia ko, akatabasamu, jambo ambalo sikuwahi kuliona na ambalo halikumpendeza sana.

Idi pili tulitoka uani kwa Kwini saa tatu asubuhi. Kwini mbele, polisi wawili nyuma yake, na wa nne alikuwa mama, koti limemkaa mabegani, vifungo vya kibuyu viwili viwili, bendera mkono wa kulia. Kila njia panda aliinua bendera, na mstari ukavuka. Hilo alilibuni mwenyewe, na watu walilipenda, nilisikia wanaume barazani wakisema, "Huyo nani? Huyo nani?" Kwa nyuma nilikuwa naona kisogo chake tu. Alitembea shingo imesimama, wala hakugeuka kuangalia mshono wa mtu hata mmoja. Nilifurahi mpaka nikasahau wimbo.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, msitu hauna ua, na nyuki wa wakati huo huwa na njaa. Jua lilipoanza kuwaka na nta kupata joto, asali iliyobaki ndani ikaanza kunukia. Tulikuwa karibu na soko alipokuja wa kwanza. Kwini alimpunga. Wakaja wengine, wakatua kwenye kofia, na kabla wimbo haujaisha kofia ilikuwa imegeuka rangi. Mmoja akamuuma Kwini sikioni. Alipiga kelele, akapunga mikono yote miwili, na hapo ndipo nyuki walipokasirika kweli. Mstari ukavunjika. Polisi walikimbia, manesi wakaingia maduka ya watu, na chama cha pili, kilichokuwa kinatusubiri ng'ambo ya soko na nyimbo zake, nacho kikakimbia.

Mama hakukimbia. Alitupa bendera chini, akamfuata Kwini polepole, akamwambia, "Dada, simama. Shusha mikono." Akaivua kofia kichwani kwake kwa mikono miwili, na nyuki wake wote, akaishika mbele yake kama anavyoshika sinia mtu anayepeleka futari kwa jirani. Akaanza kutembea. Alipita katikati ya njia, peke yake, ndani ya koti la stesheni masta, na lile wingu likamfuata. Watu wote wa soko walikuwa milangoni na madirishani. Alitembea hivyo mpaka nyumba zikaisha, akaiweka kofia chini ya mti, akarudi bila kofia. Jicho moja lilikuwa limefunga na mikono imevimba.

Nilidhani watamshangilia. Nilikuwa mtoto.

Alasiri wanawake wa chama walikusanyika uani kwa Kwini, wamepakwa vitunguu mashavuni. Kwini alikaa kwenye kiti, sikio lake limevimba mara mbili. Hakupiga kelele. Alisema chama kimekuwa kichekesho kwa Idi mbili mfululizo sasa, na yeye anataka kujua jambo moja.

"Nta ile, nani aliichuja?"

Nilikuwa nimekaa nyuma ya mama, kofia ya unesi bado kichwani. Kila mtu mle uani alijua binti mvivu atafanywa nini: atasemwa leo na kesho, na mamaye atahurumiwa, na labda nafasi yake itabaki. Mimi nilijua pia. Nilisubiri kusikia jina langu.

"Mimi," mama akasema.

"Wewe? Mtoto wa warina asali?"

"Mimi. Niliharakisha."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Hata lile moja walilokuwa wanamkubalia, kwamba mambo ya nyuki anayajua, alikuwa ameliacha liende. Kwini akasema basi, kila mtu arudi kwenye nafasi yake, na nafasi ya mama ilijulikana. Tulipofika nyumbani mama alivua koti, akalikunja, akaniambia nikoke moto.

Mwaka uliofuata Kwini alimtuma mtu kwetu. Binti aje mstarini, alisema, kwa sababu binti kazaliwa mjini, hana neno, na watu bado wanaulizia yule stesheni masta wa bendera. Mama akasema haya. Akalitoa koti sandukuni, akafumua mabega na ubavu, akanisimamisha juu ya kinu kilichopinduliwa ili anipimie. Alikuwa anazunguka na pini mdomoni, na mimi nilikuwa na mwaka mzima wa maneno kooni.

"Mama, ile nta," nikasema.

"Simama wima," akasema, kwa kupitia pini.

Nikasimama wima. Sikulisema tena, mpaka tukamzika, na hilo linaniuma kuliko lolote nililowahi kumfanyia mtu.

Idi pili nilitembea nafasi ya nne. Mama alikuwa kando ya njia karibu na soko, sindano kifuani, amesimama palepale alipotupa bendera. Tulipofika njia panda ikanipasa kuinua mkono, nikauinua, nikimtazama yeye. Yeye hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama bega la kushoto, ambapo kitambaa kilikuwa kimevuta, akanionyesha kwa kidole nikiweke sawa. Nikakiweka sawa, mstari ukavuka.