Wenyeviti Ukutani, Mama Kwenye Foleni

Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya skani katika hospitali moja ya Lodwar. Stima ilikuwa imepotea, na jenereta iliweza kubeba kitu kimoja tu. Asubuhi hiyo ilibeba projekta.

Mgeni kutoka chama cha kimataifa cha teknolojia ya tiba, kile kilicholeta mashine ya skani, alikuwa akitusimulia historia ya chama chake: kilivyoanzishwa na watu wachache, kikavuka bahari, mwenyekiti mmoja akafuatwa na mwingine. Kila mmoja alitokea ukutani na tai yake. Sista, muuguzi wa hapo, alitafsiri, nasi tukapiga makofi, maana mgeni ni mgeni.

Mama mmoja wa Lokitaung, tumbo limemvimba upande mmoja, aliinua mkono uliojaa bangili, akaanza kwa salamu ya Kiturkana.

"Ejok, mzee. Hawa wote ndio walileta mashine ya kuangalia tumbo?"

"Ndiyo, mama," mgeni akajibu baada ya kutafsiriwa, uso ukimng'aa.

"Wamefanya kazi mzuri. Sasa zima hawa, washa tumbo yangu."

Sista alisita kutafsiri, lakini mgeni alishaelewa kidole kilichoelekea kwenye waya. Alicheka kidogo, akainama, akaichomoa projekta mwenyewe. Nimehudhuria mikutano mingi ya maendeleo huku kwetu. Ni huo tu niliouona ukizimwa kwa ajili ya maendeleo.

Mashine ya skani ikawashwa, mama akaingia wa kwanza, na mlango ulibaki wazi. Kwenye kioo cha mashine likatokea duara jeusi, kubwa.

"Huu uvimbe unaweza kutolewa, mama," sista akasema.

Mama aliutazama kwa utulivu.

"Kumbe mwenyekiti ni huyu. Basi mtoeni."