Mtamba wa Dada kwa Pikipiki ya Kiitaliano

Nianze na ujinga wenyewe: nilinunua pikipiki kama mtu anayenunua dume. Niliizunguka, nikaipapasa mgongo, nikainama kutazama miguu, kisha nikamwambia mwenye nayo, "Hebu ilie." Ikalia. Kuku wa jirani wakaruka hadi kwenye bati. Nikaona basi, huyu ndiye. Kuipanda sikuipanda. Kwetu mnyama ananunuliwa kwa macho na masikio, hakuna anayemrukia mgongoni kwanza.

Ilikuwa ya Kiitaliano, nyekundu, ya mbio, aina ile ya kulalia tangi kama unaumwa tumbo. Ililetwa kwa pikapu na mchuuzi wa Nkende anayekuja kwetu Issenye kununua ng'ombe. Alisema aliipata kwa mzungu aliyekuwa anazunguka Afrika, hamu ikamwishia Tarime. Mafundi walikuwa wameshajifurahisha nayo: ekzosi imekatwa, siti ya nyuma imeng'olewa, taa ya mbele imetoka kwenye bodaboda.

"Mura, hii Mugumu nzima hakuna," mchuuzi alisema, akiniita kijana kwa lugha ya kwetu.

"Hata barabara yake hakuna," nikamjibu, nikacheka peke yangu. Siku ile ningeusikiliza mdomo wangu ningekuwa na akili.

Hela sikuwa nayo. Nilikuwa na mtamba, yaani mtamba wa dada. Shemeji alipotoa mahari, baba akiwa bado hai, yule mtamba mwekundu alitengwa kwa ajili yangu: azae, na mimi nije nioe kwa uzao wake. Lakini ng'ombe wa mahari hachezewi, maana binti akirudi, na ng'ombe wanarudi. Nilijua. Niliona tu dada si mtu wa kurudi. Mama alikuwa msibani Ringwani. Nikafungua zizi.

Pikipiki ilifika hadi mteremko wa shule. Wenzangu wa kidato cha tatu wamejipanga, wanapiga miluzi. Nikawapungia mkono kama rais. Tairi la mbele likaingia kwenye mfereji, na chuma cha katikati kikakatika palepale kilipokuwa kimechomelewa kikapakwa rangi. Fundi aliitazama akanipa pole ya msiba. Mchuuzi nilipompigia alisema mtamba ameshavuka mpaka wa Sirari. "Ukishamtoa zizini, mura, akifa ni wangu, akizaa ni wangu."

Mama aliporudi hakunichapa. Hilo ndilo lililonitisha. Mimi nikaendelea na utani wangu; kuku alipotaga pale siti ilipong'olewa, nilitangaza kwamba pikipiki imewahi kuzaa kabla ya mtamba. Hakuna aliyecheka, nikacheka kwa niaba yao.

Halafu dada akaja. Mtoto mgongoni, jicho moja limevimba hadi limefumba, nguo kwenye mfuko wa salfeti. "Nimechoka," alisema, akakaa chini.

Baba mdogo akaita kikao, shemeji akaja na wazee wake. Hakupiga kelele hata kidogo. Alisema mke abaki tu, yeye arudishiwe ng'ombe wake, walewale, na yule mtamba mwekundu pamoja na ndama kama amezaa. Akaenda kusimama zizini. Akatazama. Akageuka akaitazama pikipiki, akatabasamu.

"Tutakupa mwingine, mzuri kuliko yule," baba mdogo alisema.

"Mimi nataka wangu."

"Mkwe, ng'ombe ni ng'ombe."

"Basi na mke ni mke. Nipeni mke wangu niondoke naye."

Wazee wetu walichorachora chini kwa fimbo zao.

Dada akaanza kukunja khanga zake, moja moja. Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kujibia. Nilitafuta utani, hata ule wa kijinga kabisa, sikuuona.

Mama akamfukuza kuku aliyekuwa ameatamia pale nyuma ya tangi. Akapangusa usukani kwa upande wa khanga yake, taratibu, kama anamfuta mtoto uso. Kisha akanigeukia:

"Iwashe basi. Mrudishe dada yako kwa mumewe."