Bi Konokono na Jamaa wa Mtoni

Kazini aliitwa Daktari na nyumbani aliitwa mama, lakini mtaani, kuanzia kinyozi hadi muuza mkaa, walimwita Bi Konokono, na jina hilo likamganda kama kupe. Alikuwa mtunza makombe ya konokono katika jumba la makumbusho. Chumba chake kilikuwa kirefu, chenye feni moja iliyolalamika kutwa nzima na makabati ya mbao yaliyogusa dari, na ndani ya kila droo walilala konokono wa baharini katika visanduku vya karatasi ngumu.

Hakuwa ameyapanga maisha hayo. Chuoni alitaka nyangumi. Ila siku ya kugawana mada za utafiti kiatu kilimkatikia kwenye ngazi, akachelewa, na alipofika nyangumi walikwisha chukuliwa, pomboo walikwisha chukuliwa, hata pweza alikwisha pata mwenyewe. Walibaki nasa.

"Nasa ndio nani?" akauliza.

Mwalimu wake akamwonyesha ncha ya kidole cha mwisho. Konokono wa kiasi hicho, akasema, walaji wa mizoga, ukoo mzima. Bi Konokono akaenda kulia chooni mpaka karatasi zikaisha.

Kilichomgeuza ni kichwa cha samaki. Maji yalipokupwa, mwalimu alimpeleka ufukoni, akakiweka kichwa kilichooza ndani ya kidimbwi, juu ya mchanga ulioonekana mtupu kabisa, akamwambia tulia utazame. Hakukuwa na chochote. Kisha mchanga ukachomoza mrija mwembamba kama uzi wa kushonea, ukayumba huku na huku ukinusa maji. Ukatokea wa pili hapo pembeni, halafu pakawa na mirija kila mahali, na chini ya kila mrija konokono mzima akajitoa mchangani na kutimua mbio, kwa kadiri konokono anavyojua mbio. Wakakizingira kichwa, wakatoa midomo mirefu kama mikonga ya tembo, wakala kama watu waliohudhuria karamu bila zawadi. Waliposhiba, kila mmoja akazama mchangani bila kuaga. Pakabaki mfupa mweupe na maji maangavu.

"Sasa fikiria bahari bila hawa," mwalimu akasema, huku ameziba pua.

Tangu siku hiyo nyangumi alimtoka moyoni. Akashinda ufukoni na vipande vya mizoga kwenye ndoo, na huko ndiko fundi cherehani mmoja alikomwona na kumpenda. Watu walipomuuliza yule fundi alimvumiliaje mwanamke mwenye harufu ile, alijibu kwamba mwaka ule alikuwa na mafua. Wakaoana, wakakaa vizuri.

Miaka ikapita. Bi Konokono akawapanga nasa wake kwa sura, kama walivyopangwa na waliomtangulia: wenye matuta kwa matuta yao, walio laini na wenzao, na yule wa ajabu aliyebapa kama kifungo cha shati akapewa droo ya peke yake. Aliijua familia ile kuliko alivyowajua mashemeji zake, na aliipenda zaidi, jambo ambalo hakulisema hadharani.

Ndipo chumba cha jirani kikapata mtu mpya, kijana mrefu mwenye mashine zinazonguruma. Kazi yake ilikuwa kuchukua kijinyama cha mguu wa konokono na kusoma vinasaba vyake. Wakamwita Bwana Vinasaba. Asubuhi moja akabisha hodi kwa adabu zote.

"Dada, yule konokono wako wa mtoni, mwenye mistari ya njano na kahawia kama nyigu. Yuko kabati lisilo lake. Yule ni nasa."

Bi Konokono akavua miwani. "Nasa wa mtoni? Nasa ni watu wa chumvi, mdogo wangu. Halafu yule hangoji mzoga. Yule anawinda konokono wenzake, anawala wangali hai!"

"Vinasaba ndivyo vinavyosema."

"Basi viambie vije viniambie vyenyewe."

Kijana hakukomea hapo. Akaongeza kwamba lile jina moja la kundi walimorundikwa karibu nasa wote halifai tena, itabidi ligawanywe, na lebo nyingi sana za droo ziandikwe upya. Bi Konokono akamwonyesha mlango. Kuanzia hapo wakawa wanasalimiana kwa kukohoa. Wakikutana kwenye birika la chai, kila mmoja alilitazama birika kana kwamba ndilo lililomkosea.

Nyumbani nako hakukuwa na utulivu. Mama mkwe, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuamsha wodi, alikuwa amekuja kukaa wiki moja, na wiki yenyewe ilikuwa katikati ya mwaka wake wa pili. Alishika jiko, akashika redio, akashika na rimoti. Kazi ya mkwewe aliielewa kwa namna yake. "Huyu," aliwaeleza wageni, "alisoma sana, halafu akaajiriwa kuchunga konokono."

Basi Ijumaa moja umeme ukakatika makumbusho, na pampu ya tangi la nasa walio hai ikazimika. Bi Konokono aliona kuwaacha pale ni kuwaua. Akawahamishia kwenye beseni lenye mchanga na maji ya bahari, akalibeba hadi nyumbani na kulisukumiza chini ya meza ya jikoni, akapitiwa na usingizi kabla ya kumwambia mtu. Mumewe naye alikuwa na lake. Kuna kijana mpole alikuja kupunguza suruali, wakazungumza wee, na fundi kwa ukarimu wake akamkaribisha chakula cha mchana siku ya pili. Kwamba kijana huyo ndiye Bwana Vinasaba, fundi hakujua. Kwamba kuna ugomvi, hakujua vilevile.

Jumamosi mama mkwe alisimama pale mezani akipara samaki. Akakata kichwa, kile anachokipenda kuliko minofu yote, kikamteleza, kikadumbukia beseni. Akainama kukitoa. Akaona beseni la mchanga. Akashangaa nani kaleta mchanga jikoni kwake. Kisha akaona zaidi.

"Mwanangu weee! Njoo! Mchanga umeota pua!"

Fundi akatoka mbio na tepu ya kupimia shingoni, akachungulia, na badala ya kumwokoa mama yake, aliyekuwa ameshapanda stuli, akapanda ya pili. Bi Konokono alipoingia aliwakuta wote wawili huko juu, wameshikana mikono.

"Msiwaguse!" akasema, akipiga magoti mbele ya beseni. "Waacheni wale."

"Wale?" mama mkwe akafoka. "Kile ni kichwa changu!"

Hapo ndipo mgeni alipotokea mlangoni na tikiti maji kwapani. Alisahau hata kubisha hodi. Akaliweka tikiti sakafuni, akapiga magoti upande wa pili wa beseni.

"Dada, mtazame yule," akanong'ona. "Ana vimkia viwili nyuma ya mguu."

"Vya kujigeuzia akianguka chali," Bi Konokono akanong'ona pia, kabla hajakumbuka kwamba hawasemeshani.

Kwa kuwa mtu hawezi kufukuza mgeni akiwa amepiga magoti, wakakaa kula. Mama mkwe, akila mkia kwa uchungu, akataka kuelezwa hao wawili wanakosana nini. Bi Konokono akaeleza habari ya konokono wa mtoni, huku akijua shahidi wa upande wake amepatikana.

"Wewe unasema hafanani nao?" mama mkwe akauliza.

"Hata kidogo, mama."

"Basi umeshinda. Sura ndiyo undugu." Akamgeukia mgeni na mwiba mkononi. "Baba, mimi nimezalisha nusu ya mji huu, mtoto nikimtazama tu namjua wa nani. Ndiyo maana nasema kila siku, yule wa pili wa binti yangu si mjukuu wangu. Masikio yale si ya kwetu."

Fundi akaacha kutafuna. "Mama, si ulimzalisha wewe mwenyewe? Kutoka kwa dada?"

"Nilimpokea kwa mikono hii hii! Lakini masikio nakataa. Ila yule muuza nyama wa pale kona, kwa lile paji la uso, ni ndugu yangu wa damu, na nimeshamwambia."

Bwana Vinasaba akaikagua sahani yake kwa makini sana. Bi Konokono alihisi uso unamchoma. Yale yalikuwa maneno yake mwenyewe, kamili, yametoka kwenye kinywa kingine na kuongezewa masikio. Akajaribu kujitetea moyoni, akashindwa. Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu akalazimika kuweka kijiko chini na kufuta macho.

"Jumatatu," akamwambia mgeni alipopata pumzi, "niletee hivyo vinasaba vyako. Na uvirudie mbele yangu. Sijasema nimekubali."

Vikarudiwa, vikasema yaleyale. Akadai virudiwe tena, na kijana akarudia bila kunung'unika. Hatimaye wakachukua kalamu, wakakaa sakafuni kati ya makabati, wakaandika lebo mpya droo baada ya droo, wakibishana juu ya kila koma. Yule aliyebapa kama kifungo alitolewa upweke wake akawekwa na jamaa zake.

Mama mkwe alikuja makumbusho mwenyewe kuhakikisha waliokula kichwa chake wanaendelea vizuri. Akakagua tangi, akakemea feni, kisha akamwona yule wa mistari amelala kwenye sanduku lake jipya katikati ya nasa wa baharini. Akamsogelea mpaka pua ikagusa sanduku.

"Hafanani nao," akasema. Akafikiri kidogo. "Lakini sasa ameshafika. Mpeni nafasi akae."

Akavuta kiti, akakaa na yeye.